Ganda si risasi

Msomaji mmoja anayejaza upya maganda ya bunduki yake, vile vikopo vya shaba vinavyobeba baruti, ameuliza: lile tendo la kuishika shingo ya ganda motoni ili shaba ilainike, liitweje? Mwenzake huandika "kuyeyusha risasi", yeye amezoea "kupasha risasi moto". Nani kapatia?

Hakuna aliyepatia. "Kuyeyusha" ni kosa la wazi. Kilichoyeyuka kimekuwa majimaji, na shaba ya maganda, ambayo ni asilimia 70 shaba nyekundu na 30 zinki, haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 900 za selsiasi. Likifika huko, hakuna tena ganda la kujaza. Semeni "kulainisha kwa moto", yatosha.

Ila nyote wawili mmenitonesha kidonda kwa neno jingine: risasi. Tumelipata kwa Waarabu, na maana yake ya awali ni ile metali nzito ya kijivu. Vipande vya kupigia vilitengenezwa kwa metali hiyo, navyo vikaitwa risasi. Hapo sina ugomvi. Kisha jina likapewa kitu kizima, ganda na baruti na fataki inayoiwasha, ambacho wazee walikiita kiasi cha bunduki. Nilinung'unika, nikazoea, na anayesema "amepigwa risasi" simsahihishi. Lakini sasa hata ganda tupu lililookotwa chini nalo ni risasi! Hili silikubali, maana "ganda la risasi" lipo, linasemwa kila siku, na halimgharimu mtu chochote.

Itazameni sentensi hii niliyowahi kuisoma katika maelekezo ya wanaoanza: "Pasha risasi moto mpaka ilainike." Anayeelewa metali ataiinjika motoni, na kwenye nyuzi 327 itakuwa imemwagika. Anayeelewa risasi nzima, yenye baruti ndani, itamlipukia. Aliyeandika alikusudia ganda, lakini kusudi lake alibaki nalo mwenyewe. Tena hata ganda si lote! Ni shingo na bega linaloibeba tu, kwa sekunde chache. Kitako hakiguswi na moto kamwe, kwa sababu ndicho kinachobeba kishindo cha gesi bunduki ikilia. Kikishalainika kinaweza kupasuka, na gesi ikamrudia mpigaji usoni. Maneno matano, na kila anayeyafuata kwa uaminifu anaelekea hatarini. Kumbe ingeandikwa: "Lainisha kwa moto shingo na bega la ganda tupu, lisilo na fataki." Huambiwa kwamba muktadha utafafanua. Anayeanza hana muktadha. Ana maneno uliyompa na moto ulio mbele yake.

Mwulizaji ameongeza kwamba baada ya moto huliangusha ganda majini, je, aseme ameitia shaba maji? Asiseme. Kutia maji ni neno la mhunzi wa chuma cha pua, ambacho kikizamishwa kikiwa chekundu hutoka kigumu. Shaba hii haiwi ngumu kwa maji. Kinachoifanya iwe ngumu ni kutanuka kila bunduki inapolia na kubanwa kila inaporudishwa katika kipimo chake, mpaka shingo inaanza kupasuka. Maji kazi yake ni kulizuia joto lisishuke kitakoni. Aandike "nimelipoza majini".