Tamthilia ya anga iliyokatizwa, yaweza kurudi?

Karibu barua zote za mwezi huu zimekuja na uchungu mmoja, basi tumeziweka pamoja. Waliouliza bei ya dishi na ving'amuzi watatuvumilia mpaka toleo lijalo.

Swali: Assalaam aleikum ndugu wahariri. Tulikuwa tukifuatilia tamthilia ya safari za anga nyumba nzima, hata bibi ambaye Kiingereza hakimhusu. Imekatizwa mwisho wa msimu wa pili, na nahodha kaachwa ndani ya chombo kinachoishiwa hewa. Ami yangu asema kilichokatizwa hakirudi, tusijisumbue. Ni kweli?
A. S., Shela, Lamu

Jibu: Waaleikum salaam. Ami yako hajakosea sana, maana nyingi hazirudi. Lakini zilizorudi zinatosha kutuonyesha kinachoangaliwa kwanza, nacho si wingi wa machozi ya watazamaji. Kinachoangaliwa ni nani mwenye mali.

Hapa ndipo wengi huchanganya mambo. Stesheni inayoonyesha tamthilia mara nyingi si yake. Kwa lugha ya gatini, mwenye jahazi si lazima awe mwenye shehena. Stesheni ikisema basi, imeshusha mzigo tu. Mwenye mzigo akitaka ataupakia chombo kingine.

Chukueni The Expanse, tamthilia ya anga ya Marekani. Waliogharimia na kuitengeneza ni kampuni ya Alcon. Stesheni ya Syfy ya Marekani ilikuwa imenunua haki ya kuionyesha mara ya kwanza kwenye televisheni nchini humo, na si zaidi. Mkataba huo ndio uliofanya Syfy ichoke: watu walioitazama baadaye kwenye intaneti hawakuiletea faida, ilibaki kuhesabu wale waliokaa mbele ya runinga tu. Na mkataba huohuo ndio ulioiokoa, kwa kuwa Alcon walikuwa huru kubisha mlango mwingine. Ilikatizwa tarehe 11 Mei 2018. Tarehe 25 Mei, kwenye mkutano wa mambo ya anga mjini Los Angeles, Jeff Bezos, mwanzilishi wa kampuni ya Amazon, akatangaza kuwa Amazon inaichukua. Ni wiki mbili tu! Ikapata misimu mitatu zaidi, ikamalizika Januari 2022.

Sasa, huduma ya intaneti inapokuwa ndiyo iliyoagiza kipindi, ikakilipia na kukishikilia dunia nzima, mlango wa kubisha ni mmoja, na ndio uliofungwa. Sense8 ilikatizwa na Netflix Juni 2017. Kelele za watazamaji zikaipatia sehemu moja ya kufungia hadithi, ya saa mbili na kitu, Juni 2018. Hakuna mwingine aliyeweza kuichukua.

Kujua mwenye mali si kazi ngumu. Tazama sehemu ya mwisho mpaka majina yaishe kabisa, usiruke. Chini kabisa pana mstari wenye alama ya hakimiliki, ©, mwaka na jina. Jina hilo huenda likawa la kampuni ndogo iliyoundwa kwa ajili ya kipindi hicho tu, kwa hiyo angalia pia nembo zinazopita baada yake, moja moja. Nembo ya kampuni isiyo ndugu wa stesheni ni habari njema. Nembo zote zikiwa za nyumba moja na stesheni, matumaini punguzeni.

La pili ni wakati. Mwigizaji wa Marekani kwa kawaida husaini mkataba wa miaka sita au saba, lakini studio lazima ithibitishe kila mwaka kwamba bado inamtaka. Kwa tamthilia za stesheni kubwa, siku ya mwisho mara nyingi ni 30 Juni. Ikipita, mwigizaji yu huru kwenda kwingine, na anayetaka kumrudisha ataanza mazungumzo upya, kwa bei mpya. Ndiyo sababu tamthilia inayokatizwa Mei ina wiki chache tu za kupata bwana. Manifest ilikatizwa na NBC katikati ya Juni 2021 na mikataba ikaisha. Misimu yake ya mwanzo ilikuwa imeingia Netflix siku chache kabla, ikapanda hadi kileleni mwa orodha za huko, na mwisho wa Agosti Netflix ikaagiza sehemu 20 za kumalizia. Ila si waigizaji wote waliorudi.

La tatu ni misimu ya nyuma. Mnunuzi hataki msimu wa tatu peke yake. Mtazamaji mpya ataanzia wapi? Misimu ya kwanza ikiwa imefungiwa kwa mshindani, anayefikiria kununua hupoa. The Expanse ilikuwa tayari kwenye Prime Video, huduma ya intaneti ya Amazon, huko Marekani, na Manifest kwa Netflix.

Kwa kipimo chetu sisi: ndani ya wiki sita za mwanzo, tarajieni msimu mzima. Baada ya mwaka, tarajieni filamu moja au sehemu chache za kufunga. Ikipita miaka kumi, kitakachokuja huenda kikawa hadithi ileile kwa sura mpya, kama Battlestar Galactica ya 1978 ilivyofumuliwa na kusukwa upya mwaka 2003. Mwambieni bibi asikate tamaa kabla ya kuusoma mstari wa ©.

Swali: Natumiwa kila siku viungo vya kutia saini mtandaoni ili tamthilia fulani irudishwe. Ina maana yoyote, au ni kupoteza bando?
Mama N., Malindi mjini

Jibu: Saini peke yake haina uzito, kwa sababu haigharimu kitu na wanaoipokea wanajua hivyo. Inafaa kwa jambo moja: kuwapa waandishi wa habari tarakimu ya kutaja. Watetezi wa The Expanse walipita saini 100,000, lakini walikodi pia ndege ndogo ikapita na bango juu ya ofisi za Amazon Studios huko Santa Monica. Hapo ndipo palikuwa na akili. Hawakuilalamikia stesheni iliyokataa, walimwendea anayeweza kununua.

Karanga za tamthilia ya Jericho ni kisa kingine. CBS ilipoikata Mei 2007, watazamaji walilikumbuka neno alilolitamka mhusika mmoja mwishoni mwa msimu, neno la Kiingereza lenye maana mbili, karanga na upuuzi, wakaipelekea stesheni tani zipatazo 20 za karanga. CBS ikakubali sehemu saba, na ikaomba karanga zikome. Msimu wa pili ulipoonyeshwa mwaka 2008 watazamaji hawakuongezeka, ikakatwa tena. Kelele ilifungua mlango, ila haikujaza nyumba.

Barua zina historia ndefu zaidi. Star Trek iliokolewa kwa barua za mkono baada ya msimu wa pili, katika kampeni iliyoongozwa na Bjo Trimble na mumewe John, hata NBC ikatangaza hewani Machi 1968 kwamba itaendelea. Kisha ikaiweka Ijumaa saa nne usiku, wakati vijana wako nje, na ikaisha 1969. Faida ya msimu ule wa tatu ilionekana baadaye: jumla ilifika sehemu 79, zikatosha stesheni ndogo kuzirudia kila siku kwa miezi bila kuchosha. Marudio hayo ndiyo yaliyozaa watazamaji wa filamu ya 1979, na wa tamthilia mpya ya 1987.

Ukitaka kushiriki, andika ujumbe mfupi kwa maneno yako mwenyewe, taja huduma unayoilipia, na ueleze ungeifuata tamthilia hiyo wapi. Usinakili ujumbe wa mwenzio neno kwa neno, kwani mitambo ya mitandao huzifukia jumbe zinazofanana kama takataka. Alama ya reli (#) na neno lake iwe moja kwa wote, herufi kwa herufi. Na angalia saa: wenzenu wa Los Angeles wakikubaliana saa sita mchana kwao, hapa ni saa nne usiku katika miezi yao ya joto, saa tano usiku miezi ya baridi. Ujumbe wa alfajiri unakuwa umechelewa au umewahi mno.

Swali: Mimi hununua muvi na tamthilia kwa flashi, duka la Langoni. Nimeangalia msimu wote mara tatu. Kwani hatuhesabiwi?
Kijana wa Langoni, Lamu

Jibu: Hamhesabiwi, hata ukiangalia mara thelathini. Faili la flashi halina njia ya kumwambia mtu chochote, na anayefaidi ni mwenye duka. Kipimo cha Nielsen, kampuni inayohesabu watazamaji wa runinga, nacho huhesabu nyumba za Marekani tu, kwa hiyo hata anayelipia king'amuzi hapa Lamu hayumo ndani yake.

Njia pekee ya mtu wa Pwani kuonekana ni akaunti iliyolipiwa ya huduma inayoonyesha tamthilia hiyo hapa Kenya. Na hapo pana siri ndogo: kuanza hakutoshi. Kinachopimwa kwa ukali ni wangapi waliofika sehemu ya mwisho, na upesi kiasi gani. Netflix kwa miaka mingi ilitumia dirisha la siku 28 za mwanzo. Ule mtindo wa kusema "nitangoja misimu itimie ndipo nianze, wasije wakanikatia" ndio unaoua tamthilia zenyewe. Mkiwa watu wanne kwenye akaunti moja, kila mmoja na atazame kwa wasifu (profile) wake, afike mwisho.

Swali: Nasikia vyombo na vyumba vya anga vilivyojengwa studio huvunjwa mara tu tamthilia ikifa. Na waigizaji huzeeka. Je, hapo si mwisho?
H. B., Mambrui

Jibu: Kuvunjwa kwa seti ni dalili mbaya, ila si hukumu. Studio ikiwa na matumaini huzikunja seti na kuzihifadhi, na kila mwezi hulipa kodi ya ghala. Ikiona hakuna mnunuzi huzivunja, kwa sababu nafasi ya studio ni ghali kuliko mbao na plastiki zilizomo. Kwa tamthilia ya mapolisi hilo ni dogo, utakodi nyumba yoyote. Kwa tamthilia ya anga, daraja la nahodha, ujia na vyumba vya mitambo vyote ni vya kujengwa, na hiyo huongeza bei ya kufufua kabla ya mtu kutamka neno moja mbele ya kamera. Hata hivyo ule mfano wa chombo cha Star Trek, wenye urefu wa zaidi ya mita tatu, ulipelekwa makumbusho ya Smithsonian mwaka 1974, na filamu ya 1979 ikajengewa mwingine.

Kuhusu uzee, inategemea hadithi ilivyoshonwa. Doctor Who ilisimama Desemba 1989, ikajaribiwa kwa filamu moja mwaka 1996, ikarudi Machi 2005 mpaka leo. Ilikuwa na mambo mawili wengine hawana: BBC ndiyo mwenye mali na ndiyo mwonyeshaji, na mhusika mkuu hubadilika mwili anapokufa, kwa hiyo mwigizaji mpya si kasoro. Firefly, tamthilia nyingine ya anga, haikuwa na upenyo huo. Iliundwa sehemu 14, Fox ikaonyesha 11 mwaka 2002, tena zikiwa zimevurugwa mpangilio, ile ya kwanza ikaonyeshwa mwisho kabisa. Mauzo mazuri ya DVD yaliifanya studio ya Universal itoe filamu mwaka 2005. Filamu iligharimu dola milioni 39 hivi, ikaingiza kama milioni 40 duniani kote. Ukitoa fungu la wenye kumbi, hiyo ni hasara, na ya pili haikufuata.

Swali: Mzee mmoja hapa kwetu ashikilia kwamba setilaiti ya Uhuru na yule Uhura wa Star Trek ni kitu kimoja.
Msomaji, Ngomeni

Jibu: Vitu viwili, neno moja la Kiswahili. Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols tangu 1966, alipewa jina kutokana na "uhuru". Setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapohapo kwenu, tarehe 12 Desemba 1970, ikaitwa hivyo kwa heshima ya sikukuu ya uhuru wetu. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei angani. Tamthilia ilikuwa imeshakufa mwaka mmoja na nusu.

Swali: Tuko vijana saba, tuna kamera moja na simu tatu. Tunataka kuiendeleza wenyewe, kwa Kiswahili. Tutashtakiwa?
Kikundi cha Maweni, Malindi

Jibu: Inategemea ni ipi. Wenye Star Trek walitoa masharti mwaka 2016, baada ya kuwashtaki watengenezaji wa filamu moja ya mashabiki iliyochangiwa fedha nyingi. Kwa ufupi: hadithi moja isizidi dakika 15, au vipande viwili visivyozidi dakika 30 kwa jumla, na isiwe na muendelezo, jina lisiwe na maneno Star Trek, mchango usizidi dola 50,000, asilipwe mtu, msitumie picha zilizokatwa kutoka tamthilia yenyewe. Tamthilia nyingi hazina masharti yaliyoandikwa hata kidogo, na hapo kimya si ruhusa.

Ushauri wetu ni mtunge yenu. Badilisheni majina, chombo, sare na sayari, mbaki na lile swali lililowavutia. Hapo mali ni yenu. Ukurasa mmoja wa maandishi hutoa kama dakika moja, kwa hiyo filamu ya robo saa ni kurasa 15, msijaze 40. Ulizieni leseni ya kupiga filamu kwa Bodi ya Uainishaji Filamu kabla ya kuanza, na mkienda Lamu mji wa kale, waoneni pia watu wa Makumbusho.

Sayari ngeni mnayo karibu: korongo la Nyari, Marafa. Zungumzeni kwanza na wenyeji wanaolisimamia. Adhuhuri mwanga hubamiza kila kitu kikawa cheupe na simu huzimika kwa joto. Ngojeni saa kumi, wekundu wa udongo utoke. Adui mkubwa ni upepo. Wakati wa kusi, sauti iliyonaswa kwa simu bila kizuizi haisikiki hata ukiisafisha siku nzima. Visheni maikrofoni sponji na kitambaa cha manyoya, iwe shubiri moja kutoka mdomoni. Isipowezekana, pigeni picha tu na maneno myarekodi usiku ndani ya chumba chenye magodoro ukutani, feni ikiwa imezimwa.