Mnaoniuliza koneksheni ya utafiti wa anga niliipata wapi, someni hapa

Tangu niseme nimepata nafasi ya masters ya astrofizikia Afrika Kusini, tena nalipiwa kila kitu, inboksi yangu haijapoa. Asanteni sana kwa pongezi, nimezisoma zote. Ila kuna meseji moja inakuja kila siku kwa majina tofauti: "Dada shikamoo, niko mwaka wa pili fizikia, naipenda sana astronomia, naomba unisaidie koneksheni." Nimeona nijibu hapa mara moja, maana najua wengi mnakitaka kile kile nilichokuwa nakitaka mimi, kufanya utafiti wa nyota kabla hujamaliza digrii ya kwanza, na uko chuo ambacho hakina hata darubini ndogo ya kuangalizia mwezi.

Koneksheni sikuwa nayo. Baba yangu ni fundi cherehani, mama ana genge. Mwaka wa tatu tulipofika kuchagua projekti nikapeleka wazo langu kwa mwalimu mmoja, nilitaka kusoma mwanga wa nyota zenye sayari, akaniambia mbele ya wenzangu, "Binti, nyota hazina ajira, chukua umeme wa jua." Watu wakacheka. Sina ugomvi na umeme wa jua, ni kazi nzuri na nchi inaihitaji, lakini namna alivyolisema na kile kicheko mpaka leo bado vinaniuma, na najua kuna mtu anasoma hapa ameshaambiwa hivyo hivyo.

Sasa mtu akikwambia mambo ya anga si ya kwetu, mwambie habari za Uhuru. Setilaiti ya kwanza duniani kujengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei kutoka angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kwenye jukwaa la Waitaliano lililokuwa baharini pale karibu na Malindi, siku Kenya inaadhimisha uhuru wake, ndiyo maana ikaitwa Uhuru. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi ile akapata Nobel ya fizikia 2002. Yaani mlango mmoja mkubwa kabisa wa sayansi hii ulifunguliwa kwenye mwambao wetu, halafu mtoto wa Tanga au Kilifi anaambiwa anaota!

Basi turudi kwangu. Projekti nikafanya hiyo ya sola, nikapata A, lakini usiku nilikuwa na kazi yangu. Kuna setilaiti inaitwa TESS, Wamarekani waliirusha Aprili 2018, inatazama kipande kimoja cha anga kama siku 27 halafu inahamia kingine, inapima mwanga wa nyota, na data zake ziko wazi, mwanafunzi wa Harvard na mwanafunzi wa Iringa wanapakua faili lile lile. Laptop yangu ilikuwa nzito inazima zima kwa hiyo nikawa natumia Google Colab, kompyuta inayofanya kazi ni ya kwao huko, wewe unahitaji brauza tu na bando la usiku. Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nilijifunzia humo humo, na kuna kifurushi chake kinaitwa Lightkurve, ukikipa jina la nyota kinakuletea vipimo.

Nyota niliyoanza nayo ni WASP-18. Mwanzoni unaona vidoto vingi vimetapakaa kama mchanga, huelewi kitu, halafu ukisafisha vizuri unaanza kuona mwanga unashuka kama asilimia moja hivi, unakaa chini saa mbili na kidogo, unapanda tena. Baada ya saa kama ishirini na mbili na nusu unashuka tena. Na tena. Ile ni sayari inapita mbele ya nyota yake, sayari yenye uzito wa kama Mshtarii (Jupita) kumi, na mwaka wake mzima haufiki hata siku moja ya kwetu. Nilivyozikunja zile siku zote, yaani kuweka kila mzunguko juu ya mwenzake, zikalaliana kwenye bonde moja safi nilipiga kelele hosteli nzima ikaamka. Ilishajulikana tangu 2009, najua, sikugundua kitu kipya, lakini niliipata mwenyewe kwa mikono yangu na hakuna lekcha yeyote aliyenishika mkono.

Hiyo grafu ndiyo koneksheni yangu. Nilimwandikia mtafiti mmoja Afrika Kusini, barua pepe fupi, aya mbili tu: nimefanya hiki, nimepata hiki, hapa nimekwama, na grafu nimeambatanisha. Sikumwambia naipenda astronomia tangu utotoni, hayo anaandikiwa kila siku. Akanijibu kwa swali, kwamba nikiiona nyota nyingine inashusha mwanga namna hii, nitajuaje kama ni sayari na si nyota mbili zinazopishana? Nikaingia kwenye arXiv, tovuti ya makala za kisayansi, zote ni bure, nikasoma mpaka nikaelewa kwamba unatazama kama bonde moja limeshuka chini zaidi ya linalofuata, unatazama kama lina umbo la V, unatazama na jirani za hiyo nyota. Nikamrudishia jibu na nyota nyingine nilizozijaribu. Tukaendelea hivyo mpaka akawa supavaiza wangu.

Kwa hiyo mdogo wangu, kazi kwanza. Uwe na kitu mkononi kabla ya kumwandikia mtu. Nasema tena, kazi kwanza, barua baadaye.

Halafu soma masharti. Kwenye magrupu ya WhatsApp kila mwaka inazungushwa orodha ya programu za kiangazi za Marekani zinaitwa REU, vijana wanakesha wanaandika barua, na zile nafasi zinazolipwa na serikali yao ni za raia wao na wenye ukaazi wa kudumu. Imeandikwa pale pale. Usiku huo upeleke kwingine: Leiden Uholanzi kuna programu ya utafiti ya kiangazi inaitwa LEAPS, na ASTRON, taasisi ya astronomia ya redio kule Dwingeloo, Uholanzi hiyo hiyo, wanachukua wanafunzi wa kiangazi, hizo zinapokea watu wa mataifa mbalimbali. Afrika kuna shule ya wanaastronomia chipukizi, ilianzia Nigeria 2013 ikiwa ya Afrika Magharibi na sasa ni ya bara zima. Ukimaliza digrii kuna NASSP, programu ya Afrika Kusini ya kusomea astrofizikia na sayansi ya anga, ilianza Cape Town 2003.

Wakenya nyie mna upenyo ambao sisi Watanzania hatuna, na hili linanikera kusema kweli. Kenya imo kwenye zile nchi nane za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini kwenye mradi wa darubini ya redio wa SKA, sisi hatumo. Kwa hiyo mafunzo ya DARA, mradi wa kufundisha Waafrika astronomia ya redio, yamefika kwenu, watu wakafundishwa darubini za redio, na pale Longonot mna lile dishi kubwa la zamani la mawasiliano ambalo mpango ni kuligeuza darubini. Ghana wameshafanya hivyo Kuntunse, dishi la mita 32, walilizindua 2017. Mkipewa nafasi hizi msizichezee, jamani! Kuna watu ng'ambo ya mpaka tunazililia.

Na simu, vijana. Bando unalomaliza kwenye video za vichekesho usiku mmoja linatosha kabisa kufanya kazi kwenye Colab wiki nzima. Bumu likiingia nunua bando la kazi kwanza. Mtaniona mkali, lakini mimi nimeshapita huko na sitaki mtu aje aniambie hakuwa na wa kumwambia.

Nafasi nyingi za kiangazi za Ulaya zinafungwa mwanzoni mwa mwaka, Januari au Februari, kwa hiyo mwalimu wa kukuandikia barua muombe Novemba, usimkurupushe wiki ya mwisho. Mchague anayekujua kwa kazi, hata kama anafundisha hesabu. Na ukishapata bonde lako la WASP-18 nitumie, hiyo nitaijibu siku hiyo hiyo.