Mwembe Unaonata: Tuupulizie Dawa?

SWALI: Mtaalamu wa safu hii, salaam. Mbele ya nyumba yetu, Ng'ambo mjini Tabora, upo mwembe mkubwa ulioipita nyumba kwa mbali, na akina mama wanne huuza chakula kivulini pake. Tangu mti uchipue majani mapya, kila kilicho chini yake kinanata: viti, meza, hata bati tunalokingia maji ya mvua. Majani ya chini yamefunikwa na weusi kama masizi, na kwenye vikonyo vyake wamesongamana vidudu vidogo vya kahawia, huku sisimizi wakipanda na kushuka shinani mchana kutwa. Jirani yuko tayari kumlipa mtu mwenye pampu ya injini aupulizie mti mzima. Nimkubalie?
Mama wa watoto watatu, Tabora.

JIBU: Mama, nakusihi usimkubalie. Vidudu hivyo, kwa jinsi ulivyovieleza, ni vidukari, ambao wakulima wengi huwaita wadudu mafuta. Hufyonza utomvu wa majani machanga, na kwa kuwa utomvu huo una sukari nyingi kuliko wanayoihitaji, huitoa iliyozidi kama matone matamu, ambayo ndiyo hayo yanayonata. Weusi ni ukungu unaoota juu ya sukari hiyo. Hauli jani, bali hulizibia mwanga, na ndiyo maana ukilifuta kwa kitambaa kibichi utalikuta chini yake likiwa bado la kijani. Mwembe mzima wa umri huo hauuawi na vidukari, na mvua kubwa huwaangusha wengi.

Dawa ya kupulizia haifiki sawasawa kwenye kilele cha mti mkubwa, lakini hufika kwenye vyungu vya akina mama, kwenye bati mnalokingia maji, na kwa nyuki, jambo ambalo mkoa unaoishi kwa asali kama Tabora hauna budi kulijali. Zaidi ya hayo, huua maadui wa vidukari. Jike la kidukari huzaa watoto walio hai bila kuhitaji dume, na penye joto watoto hao huanza kuzaa baada ya siku 7 hadi 10 hivi, kwa hiyo wachache wanaosalia huujaza mti upya kabla maadui wao hawajarudi. Hata dawa ya kudunga shinani siipendekezi kwa mti ambao matunda yake huliwa na watoto.

Anza na sisimizi. Wao hula ile sukari, na kwa ajili yake huwafukuza wadudu wanaowala vidukari. Zungushia shina ukanda wa plastiki wenye upana wa sentimita 15, uubane vizuri, kisha upake grisi juu ya plastiki, kamwe si juu ya gamba la mti, na uiongeze inapokauka au kujaa vumbi. Punguza pia matawi yanayogusa paa au ukuta, maana sisimizi watapitia huko. Yaliyo karibu na nyaya za umeme waachie TANESCO, na ikiwa mti umo katika hifadhi ya barabara, omba kwanza ruhusa ya manispaa. Usikate kwa wingi wala kumwaga mbolea ya chumvichumvi, kwa sababu vyote viwili huleta machipukizi laini ambayo vidukari huyapenda mno.

Baada ya wiki kadhaa, kagua matawi ya chini. Ukiona vidukari vilivyovimba na kukauka kama punje za ulezi, vingine vikiwa na tundu la duara mgongoni, furahi: ndani yake wamekulia nyigu wadogo sana wasiouma watu. Nyigu wa jamii hiyo waliwahi kuletwa Afrika kupambana na kidukari cha misaipresi, aliyeingia Tanzania mwaka 1988 na kukausha miti mingi. Huyo ni mgeni hatari, tofauti na wako.

Matawi unayoyafikia unaweza kuyanyunyizia jioni kijiko 1 cha chai cha sabuni ya maji katika lita 1 ya maji, hasa upande wa chini wa majani, ukijaribu kwanza kwenye majani machache. Na mvua ikianza, acha maji ya kwanza yaoshe bati na kumwagika kabla hamjaanza kukinga.