Kiuno kinaniuma wiki ya 3, nilale tu au nitembee?

SWALI: Habari dokta, mimi ni mama wa miaka 38, kazi yangu ya kukaa kwenye kompyuta kutwa. Hii ni wiki ya 3 kiuno kinaniuma, nikiinama kuvaa viatu ndo balaa, nimepiga eksirei nikaambiwa pingili zimeanza kusagika. Kila mtu ananiambia nilale nisiguse kazi, hata mwanangu naogopa kumbeba. Ntapona kweli?

JIBU: Pole sana mama. Nianze na hiyo picha mana naona ndo inayokutisha. Pingili "kusagika" mara nyingi ni umri tu unasogea, kama mvi, na wapo watu kibao wenye picha kama yako wala hawaumwi popote, hata vijana wa miaka 20 wasio na maumivu ukiwapiga MRI (kipimo cha picha za ndani ya mwili) karibu 3 kati ya 10 unakuta diski, ile mito laini kati ya pingili, imetokeza, kwa hiyo picha peke yake haiwezi kukwambia maumivu yanatoka wapi wala kwamba mgongo wako umeharibika. Kwa wagonjwa wengi hata sisi hatupati msuli au kiungo kimoja cha kukilaumu, na bado wengi wao wanapata nafuu kubwa ndani ya wiki 6.

Hilo la kulala silikubali kabisa. Ukikaa kitandani siku nyingi misuli inalegea, mwili unakakamaa, hofu nayo inapanda, siku ukiinuka unaumwa zaidi ya mwanzo. Tembea, anza hata na dakika 10 asubuhi na 10 jioni alafu ongeza taratibu, kazini usigande kwenye kiti, inuka kila nusu saa hivi. Kuumwa kidogo wakati unatembea sio kwamba unajivunja. Mtoto mbebe, ila mlete kwanza karibu na kifua ndo unyanyuke, usimvute kwa mbali.

Ibuprofen inasaidia kwa siku chache, unywe umekula, ila kama una vidonda vya tumbo, shida ya figo, presha au ujauzito usiiguse kabla ya kuongea na daktari. Wiki 6 zikipita hakuna nafuu, muone mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo).

Ila ukiona mkojo hautoki au unatoka wenyewe, choo hakizuiliki, sehemu za siri na katikati ya mapaja zimekufa ganzi, au miguu inaishiwa nguvu, usisubiri kuche, nenda hospitali usiku huohuo. Na kama kuna homa, unakonda bila sababu, ulianguka vibaya au uliwahi kuugua kansa, mwambie daktari mapema.