Fremu pembeni ya njia nne: uko upande gani wa tuta?

Mkuu, usilipe hiyo fremu kwanza. Umesema unataka kufungua supu na chapati Uyole, Mbeya, kando ya njia nne inayojengwa kwenda Ifisi, na dalali anakukimbiza ulipe miezi sita. Huyo atakuwa pacha wa dalali wangu.

Mimi mtaji wangu uliungulia Arusha, Sakina–Tengeru, ile njia nne ya kilomita 14.1 inayopita ndani ya jiji. Nilipanga Ngulelo mkandarasi akiwa bado saiti. Upande wa pili ulikuwa umechimbwa, magari ya kwenda na ya kurudi yote yanapita mlangoni kwangu. Vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria, lakini bakuli 70 zinaisha kabla ya saa nne. Nikajiona tajiri. Nikalipa mwaka mzima mbele, nikaweka vigae, nikanunua friji.

Upande wa pili ukafunguliwa, tuta la katikati linalotenganisha magari ya kwenda na ya kurudi likapanda. Kumbe fremu yangu iko upande wa magari yanayotoka mjini kwenda Tengeru na Moshi. Sasa nani anatoka mjini saa moja asubuhi kufuata supu? Wanywaji wanatoka Tengeru na Usa River, wanawahi kazini, wote wako ng'ambo ya tuta. Wateja wangu wakawa wananipungia mkono! Mtu ageuze huko mbele, arudi anywe, akageuze tena, kisa makongoro? Harufu ilikuwa inavuka barabara, watu hawavuki. Jioni ndiyo wanapita mlangoni kabisa, na mimi nimeshamaliza kunywa iliyobaki. Mwaka ule nilinenepa kilo sita, hiyo ndiyo faida niliyoiona.

Najua mtasema si ungechoma nyama jioni. Kwa mtaji upi? Ulikuwa umeshageuka vigae.

Na dalali nilimuuliza kabisa kuhusu upande. Akanijibu, "Barabara ni ileile bosi, magari hayachagui." Hayachagui! Baadaye nikaja kugundua mkewe anauza supu upande wa pili.

Kwa hiyo hapo Uyole usihesabu magari maadamu ujenzi unaendelea, yanakudanganya. Jiulize mteja wako saa unayouza anaelekea wapi. Kama ni wa asubuhi anayewahi Mwanjelwa na mjini, fremu iwe kushoto kwake, basi. Nenda saiti, omba wakuoneshe kwenye mchoro tuta litaachia wapi pa kugeuzia. Dalali akisema "pataachwa uwazi hapa hapa", mwambie aandike kwenye mkataba uone atakavyokohoa. Upime na mita 30 kutoka katikati ya barabara, usije ukapangishwa ndani ya hifadhi ya barabara ukaamka na X ya kubomolewa ukutani.

Uliuliza na leseni, sijui nini na nini, wengine watakujibu. Ila la kutafuta friji nimeliona. Ninalo la milango miwili, halijatumika sana, njoo inbox.