Maswali ya Wasomaji: Mnunuzi Kwanza, Mkopo Baadaye

SWALI: Assalamu alaikum, Bwana Mhariri. Mimi na ndugu zangu wawili, wakazi wa Langoni, Lamu, tumeweka akiba, na sasa twataka kukopa benki ili tujenge chumba cha baridi Mokowe, tununue samaki kwa wavuvi na kuziuzia hoteli za Shela na Malindi. Ammi yetu, aliyefanya biashara ya samaki tangu ujana wake, anatusihi tuanze na masanduku ya barafu tu. Sisi twaona wanaoanza kidogo hubaki wadogo. Nani ana haki? (Msomaji, Lamu)

JIBU: Wa alaikum salaam. Ammi yenu ana haki, na nitaieleza sababu kwa urefu kwa kuwa swali lenu ndilo ninaloliona likiangamiza akiba za vijana wengi wa pwani yetu.

Tuanze na hesabu, kwa takwimu za mfano ambazo mtazibadilisha kwa bei halisi za gatini. Tuseme mnanunua kilo kwa shilingi 300 na kuiuza kwa 450, na barafu, usafiri na samaki watakaoharibika vinakula shilingi 80. Mnabakiwa na 70. Iwapo benki inadai shilingi 60,000 kila mwezi, na umeme pamoja na mlinzi vinahitaji 35,000, itawabidi muuze takriban kilo 1,360 kwa mwezi, yaani zaidi ya kilo 50 kila siku ya kazi, kabla hata mmoja wenu hajapata senti yake. Wakati wa kaskazi, bahari inapotulia, kiasi hicho chaweza kupatikana. Lakini kusi inapovuma kwa nguvu, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, vyombo vidogo havithubutu kutoka nje ya mwamba. Mkipata kilo 20 kwa siku, mtakuwa mkipoteza zaidi ya shilingi 58,000 kila mwezi, na tarehe ya marejesho haitabadilika kwa sababu ya upepo.

Mtanijibu kwamba chumba cha baridi ni kwa ajili hiyo hasa: samaki wa kaskazi wahifadhiwe, wauzwe Agosti wageni wanapojaa. Hoja hiyo ina uzito, na huenda ikawa ndiyo faida kubwa ya biashara yenu siku za mbele. Hata hivyo, inasimama juu ya jambo ambalo hamkulitaja, nalo ni kama mpishi wa hoteli atamkubali samaki aliyegandishwa miezi kadhaa, na kwa bei gani. Jambo hilo halijulikani kwa kuketi barazani na kukisia. Linajulikana kwa kumpelekea samaki huyo na kuona kama ataagiza tena. Mkumbuke pia kwamba hoteli nyingi za pwani hufunga au hupunguza kazi wakati wa masika.

Tena kuna upande wa wavuvi, ambao naona mmeupita haraka mno. Mwaka 1979, Michael Porter wa Chuo Kikuu cha Harvard alieleza kwamba faida katika biashara yoyote haiamuliwi na washindani peke yao. Huamuliwa pia na nguvu za wanaokuuzia, nguvu za wanaonunua kwako, wepesi wa wafanyabiashara wapya kuingia sokoni, na bidhaa zinazoweza kuchukua nafasi ya yako. Kwenu nyinyi, nguvu kubwa iko kwa tajiri, yaani mfanyabiashara anayewakopesha wavuvi na kununua samaki wao. Wavuvi wengi wamekopeshwa nyavu, mashine au mafuta, na kwa makubaliano hayo samaki ni wa tajiri kabla hawajavuliwa. Kumwongezea mvuvi shilingi 20 kwa kilo hakutamtoa kwa mtu ambaye yeye humwendea kuomba msaada mtoto wake anapougua. Itabidi mjue ni wavuvi gani hawana deni, ni wangapi, na huleta kilo ngapi kwa wiki. Mtu mwenye masanduku manne aweza kulichunguza hilo bila hasara, na mwenye chumba tupu kinachotozwa umeme hawezi.

Historia ya biashara ina mfano mchungu wa waliojenga kabla ya kujua. Kampuni ya Webvan ilianzishwa Marekani mwaka 1996 ili kuwapelekea watu vyakula nyumbani walivyoagiza kwa intaneti. Mwaka 1999, ikiwa ndiyo kwanza inaanza kuhudumia wateja wa eneo moja, ilitia saini mkataba wa takriban dola bilioni 1 wa kujengewa maghala makubwa nchini kote. Wateja wa kuyajaza maghala hayo hawakupatikana, na mwaka 2001 ikafilisika. Haikukosa fedha wala wataalamu. Ilijifunga kwa gharama zisizopungua kabla ya kuwajua wanunuzi wake.

Ama hofu yenu kwamba anayeanza kidogo hubaki mdogo, itazameni M-Pesa, ambayo kila mmoja wenu anayo mfukoni. Ilijaribiwa mwaka 2005 kwa wateja wachache, ikikusudiwa wakopaji wa taasisi ndogo za fedha walipe marejesho yao kwa simu. Walipopewa, watu wakaitumia kutumiana fedha wenyewe kwa wenyewe. Safaricom ikaliona hilo, na ilipoizindua kwa umma Machi 2007, ikaitangaza kama njia ya kutuma fedha nyumbani. Jaribio dogo ndilo lililoonyesha kitu kikubwa kilikuwa wapi.

Kwa hiyo, nunueni masanduku kwa akiba yenu, mfanye kazi kaskazi nzima na kusi nzima, na muweke daftari. Andikeni aliyenunua, aliyeagiza tena bila kubembelezwa, na aliyelipa baada ya siku ngapi. Hilo la mwisho lisidharauliwe, kwani mvuvi hutaka fedha yake palepale, ilhali hoteli yaweza kulipa baada ya mwezi au zaidi, na pengo hilo peke yake hufunga biashara zenye faida. Msiwasahau akina mama karanga, wauzao samaki wa kukaanga, ambao hununua kidogo lakini hulipa taslimu. Daftari hilo likionyesha kwamba mnawarudisha wanunuzi mikono mitupu kwa kukosa mahali pa kuhifadhi samaki, nendeni benki, na mwende nalo.

SWALI: Natengeneza achari ya maembe nyumbani, Maweni, Malindi, na kuiuza katika maduka ya mtaani. Jirani yangu ameanza kutengeneza kama hiyo na anauza kwa bei ya chini. Je, nipunguze bei? (Mama Achari)

JIBU: Dada yangu, usipunguze bado. Kwanza piga hesabu ya kila chupa, ukitia na ujira wako mwenyewe, ambao watengenezaji wengi wa nyumbani huusahau. Yawezekana jirani anauza kwa hasara asiyoijua, nawe ukimfuata mtapata hasara pamoja.

Pili, zunguka madukani uulize ni chupa za nani wateja huzirudia. Msimu mkuu wa maembe, maembe yanapooza chini ya miti kule Magarini, kila mtu aweza kutengeneza achari. Ukiyatia chumvi na kuyakausha maembe ya kutosha wakati huo, utakuwa na bidhaa mwezi ambao jirani hana, na mwenye duka humpenda anayemletea mwaka mzima. Pilipili na viungo vyako vitaigwa kwa wiki moja, lakini uaminifu huo hauigwi upesi. Fuatilia pia alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, ambayo ndiyo itakayokufungulia supamaketi. Ina gharama zake, nazo uzitie katika hesabu yako.

SWALI: Shemeji yangu atatoa mtaji wote wa duka la vipuri vya tuk-tuk, nami nitatoa kazi. Asema maandishi ni ya watu wasioaminiana. (Msomaji, Malindi)

JIBU: Ndugu yangu, sikubaliani na shemeji yako hata kidogo. Aya ya 282 ya Surat al-Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inawaamrisha waumini waandike madeni yao na waweke mashahidi, na haikuwatoa jamaa. Mpango wenu unafanana na mudharaba, yaani ushirika wa Kiislamu ambao mmoja hutoa mtaji na mwingine kazi: faida hugawanywa kwa sehemu mliyokubaliana tangu mwanzo, na hasara ya mali humwangukia mwenye mtaji, isipokuwa mfanyakazi amezembea au amevunja masharti. Amueni sehemu hizo sasa, mkiwa hamna ugomvi. Andikeni pia nani ana mamlaka ya kukopesha wateja, na duka litahesabiwaje mmoja wenu akifariki, kwa kuwa warithi wake watataka kujua kipi ni mtaji na kipi ni faida. Kila mmoja abaki na nakala yake, yenye sahihi za mashahidi wawili.