Shusha gitaa juu ya kabati: niliyojifunza kwa Elizabeth Cotten

Gitaa langu lilikaa juu ya kabati miaka 19. Nililifunga kwenye khanga mwenyewe, wiki moja kabla ya harusi. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa ameshanipa wosia kwamba mke wa mtu hapendezi kukaa mbele za watu amepakata gitaa, nami binti wa miaka 24, niliyelelewa kuitikia, nikaitikia. Siku nilipolishusha uzi wa tatu ulikuwa umekatika wenyewe, na mende walikuwa wametaga ndani ya tumbo lake.

Wale mnaoniandikia mkiniuliza, "Dada, nimeshapita 40, si nimechelewa?" kaeni kidogo niwape habari za mama mmoja wa Marekani. Ndiye aliyenishushia gitaa lile, ingawa alikwishafariki zamani.

Anaitwa Elizabeth Cotten. Alizaliwa mwaka 1893, Carrboro, North Carolina, katika familia ya Weusi wasio na kitu, nyumba yao ikiwa jirani na reli. Kaka yake alikuwa na banjo, ala ya nyuzi inayofanana na gitaa. Kaka akitoka, binti anaivizia, anaishusha, anaipiga, na mara nyingine uzi unamkatikia mkononi. Tatizo lilikuwa moja: yeye ni wa mashoto, na banjo ya watu huwezi kuibadilisha nyuzi ili ikufae wewe. Akaipindua. Kilichokuwa juu kikawa chini, akaendelea.

Akaacha shule mapema, akaingia kazi za ndani kwa watu. Mshahara ulikuwa senti 75 kwa mwezi. Gitaa alilolitamani dukani lilikuwa dola 3.75. Pigeni hesabu wenyewe: miezi mitano ya kufua na kufagia bila kula hata senti. Alilinunua. Nalo akalipindua vilevile, na akiwa bado mtoto wa miaka 11 au 12 akatunga wimbo kuhusu treni ya mizigo iliyokuwa ikipita karibu na kwao, "Freight Train". Kaeni na wimbo huo, tutaurudia.

Akaolewa ana miaka 17 hivi, akapata binti, na kanisani wakamwambia nyimbo zile ni za dunia, achague. Akaliweka gitaa chini. Hakuliweka mwaka mmoja wala miwili. Ilipita zaidi ya robo karne. Niliposoma hapo nilifunga simu nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Kilichofuata watu hupenda kukisimulia kama bahati. Miaka ya 1940 inakaribia kwisha, mama huyu yuko Washington, anafanya kazi kwenye duka kubwa. Siku moja akaokota mtoto aliyepotea humo dukani, akamrudisha kwa mama yake. Mama yule ni Ruth Crawford Seeger, mtunzi wa muziki. Mumewe, Charles, ni mtaalamu wa muziki. Mtoto mwenyewe ni Peggy, aliyekuja kuwa mwimbaji mkubwa. Wakampa Elizabeth kazi nyumbani kwao: kupika, kupiga pasi, kuangalia watoto.

Sawa, bahati ipo. Ila bahati ilimpa kazi ya ndani tu, kazi ileile aliyoianza utotoni. Kwangu jambo kubwa ni kwamba katika nyumba ile gitaa lilikuwa limetundikwa ukutani jikoni. Halikufungwa kwenye begi wala halikulala uvunguni. Mtu anapita na sufuria analiona. Siku moja akalishusha, na vidole vikaanza kukumbuka.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ndio huo, na kama una haraka unaweza kuishia hapa: tundika gitaa mahali unapopita. Mimi nilijiwekea ratiba mara nne, ya nusu saa kila jioni, na mara zote ilikufa wiki ya pili. Nilipopigilia msumari jikoni, kati ya friji na dirisha, nikaanza kupiga dakika tano tano huku maharage yanachemka. Mvuke unalegeza nyuzi kidogo, kila siku lazima nizikaze upya, na mbao nayo haipendi joto, kwa hiyo lisikae juu ya jiko. Lakini gitaa linalopigwa na kuharibika polepole lina nafuu kuliko zima lenye mayai ya mende.

Vidole vitauma. Wiki tatu za kwanza ncha zinawaka kama umeshika pilipili, halafu zinaota sugu na maumivu yanaisha. Ukiweza, anza na gitaa la nyuzi za nailoni.

Sasa wenzangu wa mashoto, hapa nitakaa, maana ndipo tunapodanganywa sana. Mimi bibi alikuwa akinipiga kofi la mkono nikipokea kitu kwa kushoto, kwa hiyo najua kuonewa. Njia ni tatu: ujilazimishe kulia, ubadilishe nyuzi, au upindue kama Cotten. Kubadilisha nyuzi kunaonekana rahisi hadi ujaribu. Ukikagua pale kichwani pa shingo utaona kijifupa chenye mifereji sita, na kila mfereji umechongwa kwa unene wa uzi wake. Uzi mnene hauingii kwenye mfereji wa uzi mwembamba. Unakaa juu juu na kuteleza. Mpelekee fundi akuchongee kingine, usijaribu kwa kisu. Mimi nilijaribu.

Kupindua hakuna gharama, ila kunataka moyo. Kwa kawaida kidole gumba ndicho kinachopiga besi, na vidole vingine vinachezea nyuzi nyembamba. Gitaa likipinduliwa nyuzi nene zinakuwa upande wa sakafu. Cotten alichofanya ni kubadilishana kazi: kidole cha shahada kikapiga besi, kidole gumba kikaimba wimbo. Tafuta video zake utazame mkono tu, usitazame kitu kingine. Wapiga magitaa wa mkono wa kulia hadi leo wanahangaika kuuiga mlio ule, na upigaji huo umepewa jina lake. Na ukifuata masomo ya mtandaoni usiige picha za vidole, hazitakufaa. Fuata uzi wa ngapi, nyuma ya kichuma cha ngapi kwenye shingo, kisha upange vidole kivyako.

Turudi kwenye wimbo wa treni. Peggy alikwenda nao Uingereza miaka ya 1950, watu wakausikia, na kuna waliojiandikisha kuwa ndio watunzi. Mwaka 1957 ukapanda chati za huko kwa sauti za Chas McDevitt na Nancy Whiskey, huku mwenye wimbo akiwa anafanya kazi za ndani Marekani. Ilibidi kupigania hadi jina lake likatambuliwa, na hata hapo kwa sehemu tu. Jamani, ukitunga, rekodi hata kwa simu, weka tarehe, kisha kasajili kwenye ofisi ya hakimiliki: Tanzania kuna COSOTA, Kenya kuna KECOBO. Kwenye kwaya zetu nyimbo ngapi zinaimbwa, aliyezitunga anauza vitumbua?

Sahani yake ya kwanza ya muziki ilitoka mwaka 1958 na kampuni ya Folkways. Aliyemrekodi ni Mike, kaka yake Peggy, tena nyumbani kwa Elizabeth mwenyewe. Elizabeth alikuwa na miaka 65. Hakuacha kazi za ndani siku hiyo. Aliendelea kwa miaka. Hili nalisisitiza kwa sababu wengi mnaniuliza mwache kazi lini. Mwaka 1964 alipiga kwenye tamasha la muziki la Newport, Marekani. Mwaka 1978 alihamia Syracuse, New York, akanunua nyumba kwa pesa za muziki. Tuzo ya muziki ya Grammy aliipata mwaka 1985, ana miaka 92, na mwaka 1987 akafariki.

Mimi sitafuti Grammy. Mwezi uliopita nilipiga wimbo mmoja kwenye kitchen party ya mtoto wa dada yangu, gitaa limepinduliwa, na mashangazi wawili wakanong'onezana. Nilikosea katikati nikaendelea.

Juzi nimerudi sokoni nikakuta uzi wa kwanza umekatika, gitaa limerudishwa kwenye msumari limegeuzwa uso ukutani. Mwanangu wa miaka kumi alikuwa sebuleni anasoma kwa bidii ambayo sijawahi kuiona, na kitabu amekishika kwa mkono wa kushoto. Sikumuuliza kitu. Nimenunua nyuzi seti mbili.